Kupanga mji katika Banished: anza na nyayo, nyumba zifuate

Miji mingi ya Banished hufa ghala likiwa na chakula. Kuni zipo, zana zipo, mazao ya mwaka jana bado yamejaa, lakini mchonga mawe anaishi ng'ambo ya mto, ghala liko upande mwingine kabisa, na siku yake yote inaishia barabarani. Nimecheza gemu hii miaka mingi na nimezika miji mingi. Kila nilipokaa kuchunguza kilichoua mji, nilikuta watu walikuwa wanatembea kuliko walivyokuwa wanafanya kazi. Kwa hiyo mwongozo huu hautakufundisha kupanga nyumba kwa mistari iliyonyooka ili picha ipendeze. Utakufundisha kupunguza nyayo.

Kwa ambaye hajaigusa: Banished ilitoka tarehe 18 Februari 2014, kazi ya mtu mmoja, Luke Hodorowicz, chini ya jina la Shining Rock Software. Unapewa familia chache zilizofukuzwa kwao, msitu, mto na milima, katika nchi ya baridi inayofanana na Ulaya ya zama za kati. Hakuna vita wala fedha. Kinachokutafuta ni majira ya baridi, na yanakuja kila mwaka bila kukosa. Gemu yenyewe ni ndogo, karibu MB 250 tu kwenye diski, na laptop ya zamani ya Windows inaibeba vizuri. Anayepakua kwa bando ataelewa kwa nini nalitaja hilo mapema.

Ninachukulia kwamba unaanza na ugumu wa kati: familia 5, ghala moja na mbegu. Ukichagua ugumu wa juu unapata familia 4, mkokoteni, na hakuna mbegu hata moja. Mpangilio ni ule ule, ila mashamba utayasahau mpaka wafanyabiashara wa mtoni wakuletee mbegu.

Hatua ya 1: Simamisha saa, soma ardhi

Gemu ikifunguka tu, simamisha muda. Usijenge chochote. Zunguka ramani yote ukitafuta vitu vitatu: ardhi tambarare kubwa kiasi, msitu mnene ambao hutaugusa, na mto mkuu, ule unaoingia upande mmoja wa ramani na kutokea mwingine. Vijito na maziwa vinatosha kwa samaki, lakini mashua za wafanyabiashara hupita mto mkuu pekee.

Kisha tazama ghala ulilopewa limekaa wapi. Hicho ndicho kitovu cha mji wako, upende usipende. Wageni wengi huona uwanda mzuri mbali kidogo wakaamua kuanzia huko. Mwaka wa kwanza huna watu wa kubeba mzigo umbali huo. Anzia ghala lilipo, uwanda mzuri utaufikia baada ya miaka mitano.

Ukiwa bado umesimamisha muda, chora mji wako wa baadaye. Weka msingi wa jengo mahali unapolitaka, kisha ubonyeze kitufe cha kusitisha ujenzi kwenye dirisha la jengo hilo. Hakuna atakayeligusa, lakini nafasi imeshikwa. Mimi hushika nafasi ya soko, shule na kituo cha biashara siku ya kwanza, ingawa soko huja kujengwa miaka kadhaa baadaye. Usipofanya hivyo utajaza nyumba katikati, halafu soko utalipeleka pembeni, na pembeni soko halina faida.

Hatua ya 2: Fikiri kwa vitongoji

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, basi tusiharakishe.

Mtu wa Banished ana safari za aina tatu. Kutoka nyumbani kwenda kazini. Kutoka kazini kwenda kuhifadhi alichozalisha. Na kutoka nyumbani kwenda kuchukua chakula, kuni, nguo na zana. Baridi ikizidi anaongeza safari ya nne: kurudi nyumbani kuota moto. Kila safari unayoifupisha inageuka kuwa kazi.

Kwa sababu hiyo usiwaze mji mmoja mkubwa wenye makazi huku, viwanda kule na mashamba upande mwingine. Mpangilio huo unafaa kwa watu wenye mabasi. Waza vitongoji. Kila kitongoji kiwe na nyumba chache, ghala, yadi ya magogo na mawe, na kazi moja au mbili kubwa zinazokilisha. Kitongoji cha msitu. Kitongoji cha mashamba. Kitongoji cha machimbo. Mji ni vitongoji vilivyounganishwa kwa barabara.

Kumbuka pia kwamba huna uwezo wa kumwambia fulani afanye kazi fulani wala aishi nyumba fulani. Wewe unataja idadi: wachumaji 4, mhunzi 1. Gemu inachagua nani. Mara kwa mara inabadilisha watu kazi ili kila mmoja awe karibu na kwake, lakini inaweza kufanya hivyo endapo tu kuna nyumba karibu na kazi yenyewe. Usipojenga nyumba pale, hakuna cha kubadilisha.

Ngoja nikuonyeshe kwa mtu mmoja. Katika mji wangu wa tatu nilijenga machimbo ya mawe ng'ambo ya mto, nikaweka watu 6, nikasubiri mawe. Mawe hayakuja. Ukibonyeza mtu, dirisha lake hufunguka na unaweza kumfuata kwa macho popote aendapo, basi nikamfuata mmoja majira ya baridi. Alitoka nyumbani, akapita ghalani, akapita uwanja mtupu nilioupangia kanisa, akavuka daraja, akapanda mteremko. Alipofika kwenye machimbo alama ya baridi ilikuwa imeshatokea kichwani pake. Akageuka. Hakugonga hata jiwe moja. Akarudi njia ile ile hadi kwake, akaota moto, akatoka tena. Nikawafuata wengine wawili, nao vile vile. Niliwajengea nyumba 3 na ghala upande ule ule wa machimbo, wala sikuongeza mfanyakazi hata mmoja. Masika yalipofika yadi ilikuwa imejaa.

Tangu siku hiyo sijengi kazi yoyote ya mbali bila nyumba zake.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza

Nyumba kwanza au chakula kwanza? Watu hubishana sana juu ya hili. Mimi nasema chakula na nyumba kwa pamoja, na usiruhusu baridi ya kwanza ikukute na familia isiyo na paa.

Nyumba ya mbao inakula magogo 16 na mawe 8. Familia 5 zinahitaji basi magogo 80 na mawe 40. Ghala jipya ni magogo 48 na mawe 16. Piga hesabu hizo kabla ya kutawanya misingi kila mahali, kwa sababu vibarua watapeleka magogo mawili huku, matatu kule, na baridi itafika hakuna jengo lililokamilika. Jenga moja au mawili kwa wakati mmoja.

Vibarua waokote mawe na chuma vilivyo juu ya ardhi karibu na ghala. Kuna zana ya kuchagua mawe peke yake, chuma peke yake na miti peke yake. Itumie. Ukichagua vyote kwa pamoja utafyeka msitu unaouhitaji kwa hatua inayofuata.

Mpasua kuni mjengee pembeni ya yadi, karibu na nyumba. Gogo moja linatoa kuni 3 kwa mtu asiye na elimu na 4 kwa aliyesoma. Mhunzi naye anachukua gogo na chuma yadini na kupeleka zana ghalani, basi mweke kati ya yadi na ghala. Kwa ujumla yadi na ghala ziwe majirani, zitazamane tu, barabara ikipita katikati.

Hatua ya 4: Kitongoji cha msitu

Hiki ndicho kitongoji cha kwanza cha kweli, na ukikipanga vizuri kitalisha na kuwasha moto mji wako mpaka mwisho wa mchezo.

Kibanda cha wachumaji, cha bwana misitu, cha wawindaji na cha mganga wa mitishamba vyote hufanya kazi ndani ya duara. Unapoweka msingi wa jengo, duara hilo linachorwa ardhini. Siri ni kuweka vyote vinne katikati ya duara moja, vikigusana karibu, ili kila mmoja atumie msitu ule ule kwa kazi yake. Wachumaji wanaokota uyoga, matunda ya porini, vitunguu na mizizi. Wawindaji wanaleta nyama ya paa na ngozi. Mganga anachuma majani ya dawa. Bwana misitu anakata miti mikubwa na kupanda mipya, na kwa njia hiyo msitu hauishi.

Chagua sehemu ambayo duara lake halimezi mto, mlima wala shamba. Kila mraba wa maji ndani ya duara ni mraba usio na uyoga. Kisha katikati pale bana majengo: vibanda vinne, ghala, yadi, mpasua kuni, na nyumba 3 au 4. Yakae kama kuku kwenye tenga. Ukiyatawanya, unakula msitu mwenyewe.

Vyakula vya msituni na dawa vinapenda miti iliyokomaa. Bwana misitu akikata sana, msitu unabaki wa miche na wachumaji wanarudi mikono mitupu. Kwenye dirisha la kibanda chake kuna kitufe cha kukata na cha kupanda. Miaka miwili ya kwanza mimi huweka watu wachache pale. Magogo yakitosha, nazima ukataji kwa muda na kuwaacha wapande tu. Na kamwe usiwatume vibarua kufyeka miti ndani ya duara hilo. Magogo ya haraka yakatie upande wa ardhi utakayolima.

Kosa moja ambalo wengi hulifanya: wanaona kibanda kimoja cha wachumaji kimefaulu, wanajenga cha pili pembeni yake. Chakula hakiongezeki. Maduara yakipishana mnagombania uyoga ule ule. Sogea mpaka duara jipya liguse la zamani ukingoni tu, hapo ndipo kitongoji cha pili cha msitu kinapoanza, na ghala lake na nyumba zake.

Hatua ya 5: Barabara

Barabara ya udongo haigharimu kitu isipokuwa jasho la vibarua, na watu hutembea juu yake haraka kuliko kwenye majani. Ichore mapema. Ya mawe ni ya kasi zaidi lakini inakula jiwe moja kwa kila mraba, kwa hiyo iache kwanza. Ukishapata mawe ya ziada, anza na ile inayounganisha ghala na soko, kisha inayokwenda machimboni.

Chora njia fupi. Watu wanaotoka mahali kwenda mahali hawajali kona zako za digrii tisini, wanakata katikati ya majani kama ndiyo njia ya karibu. Ukiona watu wanakatiza uwanja mara kwa mara, pale ndipo barabara inapotakiwa kuwa.

Acha pia nafasi ya barabara kila baada ya nyumba chache. Moto ukishika nyumba moja unarukia ya jirani, na safu ndefu ya nyumba zilizobanana inaweza kuteketea yote. Kisima kimoja kwa kila kundi la nyumba kinawapa watu maji ya kuzimia. Hutakikumbuka mpaka siku unayokihitaji, basi kijenge sasa.

Hatua ya 6: Mashamba

Shamba haliwezi kuzidi miraba 15 kwa 15. Haina maana kwamba lako liwe hivyo. Shamba kubwa lenye wakulima wachache ndilo linalopoteza mazao, maana mavuno yanaanza karibu na mwisho wa joto, na baridi ikiwahi kabla hawajamaliza, kilichobaki shambani kinakufa chote. Mimi hupendelea mashamba ya miraba 10 kwa 10 au yanayokaribia hapo, mengi, yakizunguka ghala moja.

Ghala liwe katikati ya mashamba, kabisa, mlango kwa mlango. Wakati wa mavuno mkulima anavuna, anabeba, anarudi. Safari hiyo ikiwa ya miraba mitano, anamaliza. Ikiwa ya miraba 40, theluji inamkuta. Nikiona vuli imeanza kuwa ya baridi mapema, sisubiri: kwenye dirisha la shamba kuna kitufe cha kuamuru mavuno yaanze, na nusu ya mavuno mkononi ni bora kuliko shamba zima chini ya theluji.

Usipande zao moja kwenye mashamba yanayogusana. Wadudu wakiingia kwenye viazi vya shamba la kwanza watahamia viazi vya shamba la pili. Panda viazi, kando yake maharage, kisha kabichi, kisha tena viazi. Bustani ya matunda ianze mapema kwa sababu miti inachukua miaka kabla ya kuzaa, na inakula wafanyakazi wakati wote huo. Weka moja tu mwanzoni.

Kitu kingine kizuri: wakulima hawana kazi shambani majira ya baridi, na gemu inawageuza vibarua. Basi panga kazi za kuokota mawe na kufyeka ardhi mpya zisubiri mpaka hapo, karibu na kitongoji cha mashamba, ili wasitembee mbali kwenye baridi.

Hesabu ya chakula unaweza kuipiga kichwani. Mtu mmoja anakula takriban 100 kwa mwaka. Watu 30 ni 3000. Ghala linabeba 6000. Basi ghala moja lililojaa chakula kitupu linalisha watu 30 kwa miaka miwili, lakini halitakuwa na chakula kitupu, kwa sababu nguo, zana na dawa nazo zinaingia humo humo. Ghala likijaa, wavunaji hawana pa kuweka, wanasimama. Ukiona ghala limefika robo tatu, jenga jingine. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika Banished chakula hakiharibiki kamwe, hata kikikaa miaka kumi. Kwa hiyo weka akiba bila hofu.

Hatua ya 7: Nyumba ngapi, na lini

Mpangilio wa mji si ramani tu. Ni mwendo wa umri pia, na hapa ndipo miji ya watu makini hufa.

Vijana wawili hawaanzishi familia wakikaa kwa wazazi wao. Wanahitaji nyumba iliyo wazi. Usipojenga nyumba, hakuna watoto, na wakati huo huo wazee wanazidi kuzeeka, kwa sababu umri wa watu huko unakwenda kwa kasi kuliko kalenda ya majira. Mji unaonekana umetulia. Chakula kinazidi, kila kitu kijani. Halafu ndani ya miaka michache wazee wanakufa mmoja baada ya mwingine, na hakuna wa kuchukua nafasi ya mhunzi, ya mkulima, ya mpasua kuni. Niliwahi kupoteza mji wa namna hiyo bila njaa wala ugonjwa. Nilikuwa najivunia akiba yangu huku mji ukizeeka mbele ya macho yangu.

Kinyume chake ni kujenga nyumba 10 kwa mkupuo. Kila kijana anahama, kila nyumba inazaa, na baada ya muda mfupi una vinywa vingi visivyofanya kazi. Njaa inafuata.

Njia salama ni nyumba moja au mbili kila mwaka, kila mwaka, bila kusimama, na kila nyumba uiweke kwenye kitongoji kinachohitaji watu wakati huo. Nyumba moja hubeba hadi watu 5. Kabla ya kujenga, jiulize kama chakula cha mwaka uliopita kilibaki. Kama hakikubaki, jenga kibanda cha wachumaji kwanza.

Nyumba ya mawe inakula kuni kidogo kuliko ya mbao, lakini inataka magogo 24, mawe 40 na chuma 10. Iache mpaka machimbo yaanze kutoa.

Shule ijengwe mapema kuliko unavyodhani. Mwalimu mmoja anabeba wanafunzi 20, na aliyesoma anazalisha zaidi katika karibu kila kazi. Ila ujue kwamba asiye na shule anaanza kazi akiwa na miaka 10, na ukifungua shule watoto hao watakaa darasani kwa muda. Fungua shule mwaka ambao una vibarua wa ziada, na uiweke katikati ya nyumba, kwa sababu watoto nao wanatembea.

Hatua ya 8: Soko

Mpaka hapa kila familia inakwenda ghalani kujichukulia. Vitongoji viwili au vitatu vikishaota, shida inajitokeza: ghala la msitu lina nyama na uyoga, la mashamba lina viazi, na familia ya upande mmoja inakula aina moja au inatembea mji mzima kutafuta nyingine. Afya inashuka, kwa sababu miili yao inataka nafaka, matunda, mboga na nyama au samaki.

Soko linatatua hilo. Wachuuzi wake wanazunguka maghala na yadi zote na matoroli, wanakusanya kila kitu, na nyumba zilizo ndani ya duara la soko zinachukua hapo. Kanuni ni hii: ghala likae na wazalishaji, soko likae na walaji. Ukiweka ghala pembeni ya soko umepoteza magogo, na ukiweka soko katikati ya mashamba umepoteza zaidi.

Lile eneo ulilolishika siku ya kwanza sasa lina kazi yake. Jaza nyumba kulizunguka soko, karibu iwezekanavyo. Wape wachuuzi wa kutosha. Soko lenye mchuuzi mmoja kwa nyumba 30 litakuwa tupu kila baridi, na watu watarudia kutembea hadi maghala ya mbali.

Hatua ya 9: Machimbo, mgodi na kituo cha biashara

Machimbo ya mawe na mgodi vina jambo moja la kuogopwa: shimo halifutiki. Likishachimbwa limechimbwa, ardhi hiyo hutaijenga tena. Usiweke machimbo kwenye uwanda mzuri karibu na mji kwa sababu ni karibu. Yapeleke mbali, kwenye pembe mbaya ya ramani, kisha yajengee kitongoji chake kama nilivyosimulia. Tena watu hawafurahi kuishi jirani na mgodi, basi acha nafasi ya miti kati ya shimo na nyumba.

Kituo cha biashara kikae kwenye mto mkuu, na wapasua kuni wawili au watatu wawe pembeni yake pamoja na yadi. Sababu ni hesabu. Hakuna fedha, ni kubadilishana tu, na kila bidhaa ina thamani. Gogo moja ni 2, kuni moja ni 4. Gogo likipasuliwa na mtu aliyesoma linakuwa kuni 4, yaani thamani ya 16. Mbegu za zao jipya zinauzwa 2500, ambazo ni kuni 625. Ukiwa na bwana misitu aliyetulia, kuni ndizo zitakazokununulia mbegu na mifugo.

Wahamaji wakija kuomba makazi, fikiria mara mbili. Wanaongeza mikono, lakini hawana elimu na wanaweza kuleta magonjwa. Nikiwapokea, nawajengea kitongoji kipya chenye ghala lake tayari, sio kuwabana ndani ya mji wa zamani.

Hatua ya 10: Mfuate mtu mmoja kila baridi

Kila mwaka, theluji ya kwanza ikianguka, punguza kasi ya muda hadi ya kawaida. Chagua mtu mmoja asiye wa maana, kibarua au mkulima, umfuate tangu anatoka nyumbani hadi anarudi. Chagua mwingine kutoka kitongoji kingine. Angalia anapita wapi, anabeba nini, anageukia wapi njiani.

Akivuka kitongoji kizima kwenda kazini, nyumba zinakosekana kule anakokwenda. Akipita ghala moja akaenda la mbali, la karibu limejaa. Akirudi nyumbani kabla ya kuanza kazi, kazi iko mbali mno au hana koti, basi angalia mshonaji wako kabla ya kuhamisha chochote. Mchuuzi akikaa muda mrefu njiani na toroli, chora barabara ya mawe pale anapopita.

Mji wangu wa sasa una vitongoji vinne: misitu miwili, mashamba na machimbo. Cha tano nimekishikia nafasi ng'ambo ya mto, kwenye msitu ambao sijaugusa tangu mwaka wa kwanza. Daraja likikamilika, mizigo ya kwanza kuvuka itakuwa magogo 48 na mawe 16 ya ghala.